Jina Kapuni: Staa, Injini ya Toyota Siyo Aibu, Aibu ni Kumkana Fundi Wako

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina deni, na anayenidai ni mzee mmoja mwenye mikono myeusi ya oili pale Gerezani.

Mnakumbuka ile klipu niliyoitupia hapa wiki mbili zilizopita? Ile Mazda RX-8 nyekundu ya staa wetu mmoja, jina kapuni, boneti ipo wazi sehemu ya kuoshea magari, halafu kijana muoshaji anasikika akisema, "Oyaa, hii si injini ya Mark II hii?" Mimi nikaweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa: RX-8 FEKI, STAA AUMBUKA. Mkacheka, nikacheka. Komenti zikavuka mia nne. Kwa blogu yangu hii hizo ni komenti za Krismasi.

Kesho yake staa akaenda laivu, miwani myeusi, sauti ya huzuni. Akasema yeye hajui lolote. Akasema gari aliipeleka gereji kubadilisha plagi tu, na kwamba fundi njaa wa Gerezani ndiye aliyeiba injini ya Mazda akamwekea mtumba wa Toyota. Mashabiki wakaamini. Wengine wakaitafuta namba ya fundi, wakaipata. Toka siku hiyo simu ya yule mzee haiiti kazi, inaita matusi.

Sasa nisikilizeni mimi niliyewasha huo moto.

Ile gereji naijua. Nilipomaliza fomu foo, matokeo yakaja na yale madaraja ambayo mama aliyaangalia akakaa kimya mpaka usiku, nilipelekwa pale kuwa spanaboi. Miezi kumi na moja. Nimeosha spana kwa petroli, nimeshika tochi mpaka mkono ukafa ganzi, nimetumwa Shaurimoyo kutafuta boliti moja nikarudi jua linazama. Hela niliyonunulia simu yangu ya kwanza ya kublogia ilitoka mfukoni kwa huyo mzee. Halafu mimi nikamwekea mwenyewe kitanzi shingoni kwa sababu ya komenti mia nne.

Juzi nikapanda mwendokasi nikashuka Gerezani. Nikamwambia shikamoo fundi. Akaitika marahaba, akanisogezea tairi nikae. Hakunitukana. Angenitukana ningepona. Akaniuliza tu, "Mwanangu, ulishindwa hata kunipigia?"

Kisha akaniongoza mpaka kona ya nyuma, akafunua turubai. Injini ya Mazda ipo pale pale. Haijauzwa, haijaibiwa, haijakatwa chuma chakavu. Inamsubiri mwenyewe, maana mwenyewe alisema ataifuata na hajaifuata mpaka leo. Akanifungulia na simu. Meseji zipo. Risiti ya injini ipo. Sauti za staa zipo, moja anasema, "Fundi, mimi nataka iungurume, watu wageuke." Nyingine fundi kamkumbusha kwenda kubadilisha kadi ya gari, staa anajibu, "Hiyo baadaye mzee, mimi trafiki wananijua sura." Na bado anadaiwa laki nane za ufundi.

Kwa hiyo leo naongea bila kupepesa macho. Injini ya kampuni nyingine ndani ya gari lako siyo aibu. Aibu ni kuificha, na aibu kubwa kuliko zote ni kumsukumia fundi msalaba wako.

Kwanza muijue RX-8 yenyewe

Wengi mliocheka hamjui kwa nini watu wanatoa injini kwenye hiyo gari. RX-8 ilitengenezwa kuanzia 2003 mpaka 2012. Injini yake siyo kama ya gari la baba yako. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ina rota mbili za pembetatu zinazozunguka ndani ya nyumba yenye umbo kama ganda la karanga. Wazo lilikuwa la Mjerumani Felix Wankel, Mazda wakaling'ang'ania wakati wengine wamelikimbia. Na siyo takataka. Mwaka 1991 Mazda walishinda Le Mans, yale mashindano ya saa 24 kule Ufaransa, kwa gari la injini ya namna hiyo. Hii ya RX-8, lita 1.3 tu, ilichukua tuzo ya injini bora ya mwaka duniani 2003. Heshima yake tunaipa.

Lakini ina tabia zake. Kila ncha ya ile pembetatu ina kipande chembamba kinachoteleza kwenye ukuta, kazi yake kuzuia gesi isivuje. Vikiisha, nguvu inapotea, na gari ikiwa ya moto inagoma kuwaka. Ili vipande hivyo visikauke, injini inajipulizia oili yake yenyewe ndani. Yaani inakunywa oili ikiwa nzima, siyo ikiwa mbovu. Na haipendi safari fupi. Ukiiwasha ya baridi, ukaisogeza mita kumi, ukaizima, inaweza kufurika petroli ikakataa kuwaka tena.

Haya, leteni hiyo gari Kariakoo. Toa gari jamaa apite. Zima. Sogeza kidogo guta lipite. Zima. Foleni ya Msimbazi, jua la saa nane, AC imewashwa. Mwenye gari anapima oili mara moja kwa mwezi, akikumbuka. Unategemea nini?

Ikifa sasa ndiyo utajua mjini shule. Mafundi wa Dar wanaoweza kuifungua injini ya rota na kuifunga ikapona ni wa kutafuta kwa tochi. Spea unaagiza nje, unasubiri, ikija siyo yenyewe unaagiza tena. Lakini spea ya Toyota? Simama Shaurimoyo, taja injini, kabla hujamaliza sentensi kijana ameshakuletea mbili uchague.

Ndiyo maana staa akawekewa 1JZ. Lita 2.5, silinda sita kwenye mstari mmoja, turbo, ile ile iliyofanya Mark II na Chaser ziogopwe. Fundi hakumwibia mtu. Alimfufulia gari lililokuwa linaelekea kuwa banda la kuku.

"Feki feki" mnazosema, zihesabuni na hizi

Komenti iliyopata laiki nyingi kwenye ile posti ilisema hivi: "Mazda yenye moyo wa Toyota ni sawa na mtu kuvaa meno ya marehemu." Nilicheka sana. Sasa mtoa komenti, kaa mkao wa kula.

Toyota Supra mpya iliyotoka 2019, ile mnayoiweka kama picha ya simu zenu, injini yake ya silinda sita imetoka BMW. Siyo fundi wa Gerezani aliyeiweka. Ni Toyota wenyewe, na kampuni nzima, na makoti ya suti. Feki?

Toyota 86 iliyotoka 2012 ina injini iliyolala ya Subaru. Feki?

McLaren F1, gari la Muingereza la miaka ya tisini, liliweka rekodi ya kasi mwaka 1998 kwa kupita kilomita 386 kwa saa. Injini yake V12 ya BMW. Feki?

AC Cobra, ya 1962. Bodi ya Muingereza, injini ya Ford V8 ya Mmarekani. Leo orijino zake ni mali ya matajiri tu. Feki?

Na hii ndiyo ninayoipenda. Lotus Evora, gari la michezo la Muingereza lililotoka 2009, lina injini ya Toyota V6 ya lita 3.5 inayoitwa 2GR-FE. Mnajua iko wapi nyingine? Kwenye Alphard za cc 3,500. Ndiyo, ile Alphard inayobeba bibi harusi na kamati ya harusi kwenda ukumbini, pua yake inaelewana na gari la michezo la Ulaya. Mbona bibi harusi hamumwambii kapanda feki?

Na msijifanye haya mambo ni ya Ulaya tu. Landrova ngapi za zamani mmeziona mikoani zikiunguruma kwa injini ya dizeli ya Mjapani? Hakuna aliyewahi kuicheka Landrova inayopandisha wagonjwa mlimani eti kwa sababu moyo wake siyo wa Muingereza. Inafika, basi.

Msidhani fundi alichomeka kama balbu

Kitu kinachoniuma zaidi ni neno "alimchomekea." Kuchomeka!

Ile injini ya Mazda ni fupi na nyepesi, inakaa chini na nyuma, ndiyo maana uzito wa RX-8 umegawanyika karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma. 1JZ ni ndefu na bloku yake ni chuma kizito. Ili ikae, fundi alitengeneza vishikio vyake mwenyewe, akapima, akachomelea, akavikata, akapima tena. Sampu ya oili ikabadilishwa umbo isigonge chini. Gia boksi ya Mazda haikubaliani na injini ya Toyota, ikatafutwa ya Toyota. Propela ikakatwa na kusawazishwa upya, maana ikipinda kidogo tu gari linatetemeka kama lina malaria. Rejeta kubwa zaidi, ekzosi mpya, mabomba ya turbo.

Halafu waya. RX-8 ina usukani wa umeme. Ukitoa injini na kontrol boksi yake, usukani unakosa taarifa uliyozoea kuletewa, unakuwa mgumu kama wa lori. Mshale wa mzunguko wa injini unalala. Taa za dashibodi zinawaka zote kama pati. Yule mzee na kijana wake mmoja wa umeme walikaa wiki nzima wakiunganisha waya mmoja mmoja, wanapima, wanaandika kwenye daftari la shule. Hilo daftari nimeliona. Ni mtu aliyeishia darasa la saba huyo, wadau. Mimi mwenye cheti changu cha fomu foo nililifungua nikalifunga kimya kimya.

Na mzee mwenyewe hajisifu. Aliniambia ukweli ambao staa hatawaambia. Kwamba gari imekuwa nzito mbele, kwenye kona haigeuki kama ilivyotoka kiwandani. Kwamba nguvu imeongezeka na breki lazima ziongezwe, na alimwambia staa hivyo, staa akanunua rimu badala ya breki. Fundi muongo hasemi hivyo kuhusu kazi yake. Fundi muongo anakwambia, "iko fresh bosi, twende kazi."

Siri ndiyo inayoua

Sasa nakuja kwenye kosa lenyewe, na hapa simtetei mtu, hata kidogo.

Kadi ya gari imeandikwa namba ya chesesi, namba ya injini na ukubwa wa injini. Ukibadilisha injini unatakiwa kupeleka taarifa TRA kadi irekebishwe. Kadi ya staa bado inasema injini ya cc 1,300 na namba ya ile iliyolala chini ya turubai Gerezani. Ndani ya boneti kuna cc karibu 2,500 zenye namba nyingine kabisa. Kwa nini hajarekebisha? Kwa sababu kurekebisha ni kukiri. Na akikiri, ile posti yake aliyoandika "orijino kutoka Japani, haijaguswa" inakufa.

Mtasema hiyo ni karatasi tu. Haya, nawapa kisa. Binamu yangu wa Ilala alijichanga miaka mitatu, bodaboda usiku na mchana, akanunua gari ya michezo kutoka kwa mtoto mmoja wa kishua. Gari tamu, bei nzuri, muuzaji anacheka meno yote nje. Binamu hakufungua boneti kusoma namba. Siku ya kukaguliwa ili abadilishe umiliki, namba ya injini haifanani na ya kwenye kadi. Aliyemuuzia simu haipatikani. Binamu yangu akageuka mtuhumiwa, thibitisha hii injini siyo ya wizi. Risiti hana. Fundi aliyeiweka hamjui. Gari likakaa nje ya nyumba miezi mitano, watoto wanaandika majina yao kwenye vumbi. Akaja kuliuza kwa bei ya kutupa. Bodaboda nayo alishaiuza. Leo anaendesha ya mtu kwa hesabu.

Hakuharibiwa na injini ya kampuni nyingine huyo. Aliharibiwa na siri ya mtu mwingine.

Na bima je? Unakata bima kubwa kwa gari uliyoiandika cc 1,300, kumbe ina karibu mara mbili. Siku ukigonga, kampuni ikituma mkaguzi akafungua boneti, una la kusema? Bima ni mkataba wa kuaminiana. Ukiwaficha jambo kubwa kama hilo umewapa sababu ya kukataa kulipa. Na uliyemgonga ni mama wa watu anavuka barabara, gari ina nguvu ya turbo na breki za zamani. Bado ni karatasi tu?

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Staa anaficha injini, hatapata msaada siku ikimzingua barabarani, maana hata fundi pekee anayejua waya wake umepita wapi ameshamwita mwizi mbele ya watu laki tatu.

Prodyuza mnamtaja, fundi mnamkana?

Sasa naongea na wewe staa, jina lako naliacha kapuni kwa heshima, ila unajijua.

Kila wimbo wako unaanza kwa jina la prodyuza kutajwa. Video ikitoka unamtagi dairekta, aliyekuvalisha, aliyekupaka pauda, mpaka mwenye nyumba mliyokodi kwa masaa manne. Na mwaka jana uliwaka mtandaoni eti kuna msanii mchanga katumia biti yako bila kukutaja. Uliita wizi. Ulisema jasho la mtu linaheshimiwa.

Jasho la fundi siyo jasho? Au mpaka linukie marashi?

Ungesimama siku ile ukasema, "Wanangu, ndiyo, ina 1JZ, ameiweka mzee mmoja Gerezani, njooni muone," ungekuwa mfalme. Vijana wangejaa pale na magari yao. Mzee angepata kazi za mwaka mzima. Badala yake magari matatu yameondolewa gereji wiki hii, na kijana wake wa umeme, yule wa daftari, amerudishwa nyumbani kwa sababu hakuna cha kumlipa. Asante ya punda kweli ni mateke.

Nakuomba mambo manne, na yote unayaweza kabla ya Ijumaa. Lipa laki nane. Rekebisha kadi. Weka breki. Kisha rudi laivu, bila miwani, useme ulidanganya.

Na mimi je? Ile posti nimeifuta leo asubuhi, lakini kufuta hakutoshi, maana klipu imeshasambaa kwenye magrupu ya watu nisiowajua. Kwa hiyo naandika hapa kwa mkono wangu: nilikosea. Niliita feki kitu ambacho sikukifungua wala kukiuliza, na nilimuumiza mtu aliyenilisha. Fundi, nisamehe.

Mliomtukana kwa simu, namba yake si mnayo bado? Itumieni tena, safari hii kwa salamu. Na wewe unayetaka kununua gari ya michezo ya mtu hapa mjini, sikatazi, ila fungua boneti, soma namba, linganisha na kadi, uliza nani aliweka na risiti iko wapi. Muuzaji akianza kutoa jasho, ondoka.

Kama kuna anayebisha, komenti ziko wazi hapo chini, nasoma zote. Ila ukitaka kuandika kwamba injini ya Mazda iliibiwa, kwanza panda mwendokasi, shuka kituo cha mwisho Gerezani, ulizia gereji yenye turubai la bluu. Mzee atakufunulia uione. Haina hata vumbi, anaifuta kila Jumamosi.